Fungua Skrubu Nne Kwanza

Na tena asirudie kusema eti shangazi yangu "alibahatisha". Alibahatisha nini? Mtu amefungua skrubu nne mbele ya macho yako, mchana kweupe, mbele ya fundi cherehani na wateja wake wawili waliokuja kupunguza suruali, akakusomea namba, akakupigia hesabu, akakuletea na ushahidi mkononi, halafu leo unakaa kwenye duka lako la vioo unawaambia watu ilikuwa bahati? Bahati ni kuokota sarafu njiani. Ile haikuwa bahati. Ile ilikuwa miaka kumi na tisa ya kuvuta waya mwembamba kuliko unywele.

Nimeshamjibu mdomoni mara tatu. Mara ya tatu akaniambia, "Binti, jifunze adabu." Adabu ninayo, nimeiacha nyumbani isichafuke. Sasa naandika, maana ukimjibu mtu kwa mdomo anasema umemtukana, umemrushia mate. Karatasi haina mate.

Shangazi yangu anaitwa Nati. Jina la kuzaliwa lipo, ila hata baba yangu, kaka yake wa tumbo moja, akiulizwa ghafla anakuna kichwa kwanza. Ameitwa Nati kwa sababu hatupi nati. Hatupi skrubu, hatupi waya, hatupi hata kipande cha plastiki kilichovunjika. Akifungua kitu cha mtu, kila kinachotoka kinaingia kwenye kimfuko, kimfuko kinaandikwa, kinaingia kwenye kopo la maziwa ya unga. Chumbani kwake kuna makopo hayo ukuta mzima, mpaka wageni wanamuuliza amelea watoto wangapi. Hajazaa hata mmoja. Mimi ndiye mtoto wake, na mimi nimenyonyeshwa na mama yangu.

Chumba chenyewe kiko nyuma ya fundi cherehani. Kufika kwake unapita katikati ya nguo zilizotundikwa, na usipoangalia unatokea upande wa pili umevaa kola ya mtu. Meza yake ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili. Kitasa bado kipo, anatundikia kitambaa cha kufutia mikono. Anatengeneza spika, amplifaya na magitaa ya umeme. Na kwenye magitaa ya umeme, hasa yale kuukuu yaliyotoka Ujapani, sijaona mtu wa kumgusa.

Cha ajabu ni kwamba hajui kupiga. Wimbo hata mmoja. Analishika gitaa kama mtu anavyoshika mtoto wa jirani, anagonga nyuzi sita zikiwa wazi, moja moja, anasikiliza, basi. Vioo ameifanya hiyo kuwa wimbo wake: "Nati? Yule hata kupiga hajui!" Vioo ndiyo jina tulilompa mwenye duka la vyombo vya muziki upande wa pili wa barabara, kwa sababu duka lake lote ni vioo na taa, unaingia unajiona mara nane. Siku moja shangazi akamjibu, bila kuinua kichwa kwenye kazi: "Daktari wa ng'ombe si lazima ajue kulia mbuuu." Fundi cherehani alicheka mpaka akashona kidole.

Sasa alijulia wapi? Sikilizeni, maana hapa ndipo mambo yote yaliposimamia.

Akiwa na miaka kumi na saba aliajiriwa kiwanda cha kutengeneza transfoma ndogo za redio. Kazi yake ilikuwa kuzungusha waya wa shaba kwenye kiini, mizunguko maelfu, ukikatika unaanza upya. Mashine zilitoka Ujapani, zikaja na fundi wao mmoja wa kuzifunga, akakaa miezi miwili. Kila mashine ilikuwa na kibati chenye namba ya mashine na, pembeni yake, 51. Msimamizi wa kiwanda alipokiona kile kibati alipandisha mori. Eti wameuziwa mashine za mwaka elfu moja mia tisa hamsini na moja! Kuukuu! Akaandika barua ya malalamiko kurasa mbili. Yule Mjapani aliposomewa barua alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Halafu akawaita mabinti wote wa kuzungusha waya, akachukua chaki, akaandika kwenye sakafu: 51. Chini yake: 25. Akapiga mstari, akajumlisha: 76. Akawaeleza kwa vidole na kwa Kiswahili chake cha maneno kumi kwamba kwao wanahesabu miaka tangu mfalme wao alipokaa kitini. Ukitaka mwaka wetu, jumlisha ishirini na tano. Mashine zilikuwa mpya kabisa.

Mabinti wengine walicheka wakarudi kazini. Shangazi alirudi kazini na ile namba kichwani.

Kiwanda kilipokufa, mashine ziliuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Siku ya kuzipakia, shangazi alikwenda na bisibisi, akafungua kibati cha mashine yake, akachukua na ile kadi iliyokuwa inakaa ndani ya kifuniko. Mlinzi akamuuliza cha nini. Akasema, "Nimekaa nayo miaka kumi na tisa, wewe hata mkeo hujakaa naye hivyo." Kibati na kadi vikaingia kwenye kimfuko kimoja. Kimfuko kikaingia kwenye kopo.

Haya. Tuje kwa Mama Pacha.

Mama Pacha ni jirani yetu, mama wa wale mapacha wawili wanaofanya kazi gereji. Mumewe alikuwa dereva wa lori, amefariki mwaka jana. Alikuja asubuhi moja amebeba gitaa limefungwa kwenye shuka, kama mtu anayemtoa mgonjwa hospitali. Akalilaza juu ya ule mlango. Likafunuliwa. Gitaa lenye pembe mbili, rangi ya chai ya maziwa, limekwaruzwa mgongoni na kishikizo cha mkanda wa suruali. Kichwani, kwa herufi za dhahabu zilizofifia, jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia.

"Nati," Mama Pacha akasema, "sikuja kutengenezewa. Nimekuja kuulizia kitu kimoja. Hili gitaa ni la maana au si la maana?"

"Kwani nani kakwambia si la maana?"

"Nimetoka hapo kwa Vioo. Kalishika kwa vidole viwili, kama panya. Kanisomea jina, kacheka. Kaniambia feki. Mbele ya watu, Nati. Kasema, 'Mama, marehemu aliuziwa ubao wa kukatia vitunguu.' Halafu akasema ataninunulia kwa bei ya jozi ya viatu vya mtumba, kunisaidia."

Shangazi akavuta kigoda, Mama Pacha akakaa.

"Unajua alilinunua kwa nini?" Mama Pacha akaendelea. "Kwa mabati. Hela ya mabati ya nyumba yetu. Nilimtuma akalete mabati, akarudi na hili, kwa bendi moja iliyokuwa inavunjika. Tulilala chini ya turubai misimu miwili ya mvua. Shemeji zake walimwita mjinga. Mama yake alimwita mjinga. Mimi nilimwita mjinga, Nati, miaka na miaka, nikikasirika tu namrudishia lile lile: mjinga wewe, uliuza paa ukanunua ubao. Na yeye kila siku jibu moja: 'Mke wangu, hili ni gitaa zuri.' Hakuongeza neno." Akafuta pua kwa kona ya shuka. "Sasa hayupo. Mimi nataka kujua niliolewa na mjinga, au mjinga nilikuwa mimi. Nikijua ndipo nitauza, au sitauza."

Sasa hilo ndilo lilikuwa swali. Mnaona? Watu wanasimulia kisa hiki wanasema kilikuwa cha bei. Bei ilikuwepo, sikatai. Lakini yule mama alitaka jibu, na alilitaka mbele ya yule yule aliyemcheka.

"Liache," shangazi akasema. "Kesho saa nne asubuhi njoo, nitalifungua ukiwepo. Silifungui bila mwenyewe."

Kwa hiyo gitaa likalala kwetu, na hapo ndipo nilipoingia mimi na mikono yangu.

Mimi nauza makava ya simu na stika. Nina kimashine cha kukata stika, unaniletea jina la timu yako, la mpenzi wako, nakata dakika tano. Kesho yake shangazi alitoka mapema kwenda kununua lehemu ya kuchomelea. Nikabaki peke yangu na lile gitaa. Nikaliangalia. Zuri, jamani. Tatizo lilikuwa jina tu. Nikawaza: kama Vioo amelikataa kwa ajili ya jina, si nibadilishe jina? Kuna lile jina kubwa la Kimarekani, lile ambalo kila mpiga gitaa analijua hata akiwa usingizini, umbo ni hili hili. Nikachukua wembe. Nikakwangua zile herufi za dhahabu. Nikasugua na msasa laini. Nikakata stika, nikabandika, nikapitisha vanishi ya kucha juu yake. Ilitoka safi, nawaambia ukweli, kazi ya mikono yangu naijua. Nikapiga picha, nikairusha kwa watu kwenye simu: "Orijino ya Marekani, ya zamani, wahi."

Nilifikiri nasaidia. Msinitazame hivyo.

Shangazi akarudi. Akaweka lehemu mezani. Akaona.

Mimi nilitegemea kofi. Ningependa kofi, kofi linaisha. Yeye akasema tu, "Lete kidole."

Nikampa kidole. Akakipitisha juu ya kichwa cha gitaa, polepole, pale nilipokwangua. Kulikuwa na bonde.

"Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Hilo bonde ni nusu friji."

"Nusu friji vipi?"

"Gitaa hili, kama lilivyokuja jana, kwa anayelijua, ni bei ya friji moja na nusu. Sasa ni friji moja. Ile nusu umeikwangua na wembe wa hela ndogo kuliko peremende."

Nikajitetea, mimi mdomo wangu haulali. "Lakini shangazi, si lilikuwa feki tayari? Ni kopi!"

Hapo ndipo alipokasirika. "Kopi na feki nani kakwambia ni ndugu? Ukiwa shule, mtoto akaiga mwandiko wa mwalimu, akaandika vizuri kuliko mwalimu mwenyewe, lakini juu ya daftari akaandika jina lake, huyo ni nini?"

"Ni mtoto hodari."

"Na akiandika jina la mwalimu?"

Nikaficha wembe mgongoni.

"Wajapani waliiga umbo, wakaweka jina lao pale kichwani, kila mtu alione. Walikuwa hawajamdanganya mtu. Jana lilikuwa kopi ya heshima. Leo asubuhi, wewe, mtoto wa kaka yangu, umelifanya feki. Vioo jana alisema uongo. Leo ukimwita, atakuwa amesema kweli, na aliyemfanya asiwe mwongo ni wewe."

Nakwambia nilitaka kuingia ndani ya kopo la maziwa nijifunike.

Kabla sijapata pa kuangalia, nguo za fundi cherehani zikafunguka, akaingia jamaa mmoja shati la maua, miwani imepandishwa kichwani. Tunamwita Solo, anapiga gitaa la solo kwenye bendi ya hoteli. Ameona picha yangu. Nyuma yake, kwa kuwa ilikuwa inakaribia saa nne, akaingia Mama Pacha.

Solo hakusalimia. Alilifuata lile gitaa moja kwa moja, akaona jina, macho yakamtoka. "Wapi mwenyewe? Mama, ni lako? Sikiliza mama yangu, tusizunguke. Nakupa bei ya pikipiki. Pikipiki mpya, ya dukani, ambayo kiti bado kina nailoni."

Mama Pacha akashika kitasa cha meza asianguke. "Pikipiki?"

"Sasa hivi."

Mimi nikamwangalia shangazi. Nyie, mngekuwa mimi mngesali asiseme kitu. Nusu dakika tu ya kunyamaza, mjane anapata pikipiki, mimi nasamehewa, Solo anaondoka na furaha yake. Nani angejua?

Shangazi akachukua pamba, akailowesha mafuta, akafuta ile stika yangu mbele ya Solo. Herufi zikakunjamana zikabaki kwenye pamba kama ngozi ya nyanya.

"Si la Marekani," akasema. "La Ujapani. Huyu hapa alikwangua jina la kweli leo asubuhi akabandika la uongo. Bei ya pikipiki irudishe mfukoni."

"Nati!" Mama Pacha akapiga kelele. "Unanifukuzia mteja?"

"Nakufukuzia polisi, mama. Huyu akifika hotelini akalifungua, anarudi na askari."

Solo alikuwa amegeuka rangi. "Kumbe mnanitapeli! Nyinyi wote mmepanga! Ngoja." Akatoka mbio, nguo mbili zikaanguka, fundi cherehani akamfuata kwa matusi. Tukamwona kwenye dirisha anavuka barabara, anaingia kwa Vioo.

Mama Pacha akaniangalia. Sitasema aliniangaliaje. Nikasema, "Nisamehe mama, nilitaka ulipwe." Akasema, "Mimi nilileta swali, wewe umeniletea wembe."

Vioo akaja. Akaja na tabasamu, na nyuma yake Solo, na nyuma ya Solo wale wateja wawili wa suruali, mmoja kafunga taulo. Hakukuwa na nafasi chumbani, shangazi akabeba gitaa mpaka nje, upande wa barabara, akaliweka juu ya meza ya kupigia pasi, juani.

"Nilisema jana," Vioo akaanza, "nikaambiwa nina roho mbaya. Feki. Na leo wamefikia kubandika majina! Nati, si ufunge tu hicho kibanda ukapumzike? Umri huo."

"Kibanda changu kina kazi," shangazi akasema. "Jana ulilifungua hili gitaa?"

"Nililiona."

"Nimeuliza kufungua."

"Mtu anayejua hana haja ya kufungua."

"Mtu anayejua ndiye anayefungua. Asiyejua ndiye anayesoma jina na kucheka." Akamgeukia Mama Pacha. "Mama, ni lako. Nifungue?"

Mama Pacha akatikisa kichwa kukubali.

Akalegeza nyuzi. Akaligeuza. Mgongoni, pale shingo inapokutana na mwili, kuna bamba dogo la chuma lenye skrubu nne. Akazifungua kwa mkingamo, ya kwanza, ya tatu, ya pili, ya nne, kila moja akaipanga kwenye kifuniko cha kopo vile vile ilivyokuwa imekaa. Shingo ikatoka na mlio kama kizibo cha chupa. Akaigeuza kwenye jua. Kwenye kitako cha shingo, mahali ambapo hakuna aliyepaona tangu kiwandani, kulikuwa na muhuri wa wino wa buluu: 53, nukta, 8.

Vioo akainama akasoma. Akacheka kicheko ambacho nakisikia hata sasa nikiandika.

"Hamsini na tatu! Jamani, mnaona? Wameandika mwaka wa hamsini na tatu! Hili umbo, huko huko Marekani lilikotoka, mwaka wa hamsini na tatu lilikuwa halijatoka dukani! Lilitoka mwaka uliofuata. Yaani kopi imezaliwa kabla ya mama yake! Hata kudanganya hawakujua. Solo, wewe si unajua?"

Solo akasema, "Ni kweli, lilitoka hamsini na nne."

Na kweli ni kweli. Hapo alisema kitu cha kweli. Mama Pacha akaanza kulikunja shuka lake. Polepole, kona kwa kona.

"Mama, weka shuka chini," shangazi akasema. Akanitazama mimi. "Kopo la tatu kutoka dirishani, safu ya juu. Kimfuko kimeandikwa mashine."

Nilikimbia nikapiga goti kwenye pipa, alama ninayo. Nikaleta. Akatoa kibati, akatoa kadi, akaviweka pembeni ya ile shingo, juani.

"Soma kibati," akamwambia Vioo.

"Hamsini na moja."

"Namba ya mashine?"

Akaisoma.

"Soma kadi. Namba ya mashine?"

Akaisoma. Ile ile.

"Mwaka wa kutengenezwa, kwenye kadi?"

Vioo akairudisha kadi mezani. Fundi cherehani akanyoosha shingo juu ya bega lake, akasoma yeye: "Elfu moja mia tisa sabini na sita!"

"Kwao wanahesabu kwa mfalme," shangazi akasema. "Hamsini na moja, jumlisha ishirini na tano, sabini na sita. Msimamizi wangu alikosea hivyo hivyo kama wewe, akaandika na barua. Sasa, hamsini na tatu jumlisha ishirini na tano?"

"Sabini na nane!" akasema yule wa taulo, kwa furaha kama mtoto wa darasa la pili.

"Sabini na nane, mwezi wa nane. Hiyo ndiyo miaka walipokuwa wamechoka kuitwa waigaji, wakaanza kutengeneza kwa hasira." Akachukua mwili wa gitaa, akauonyesha pale shingo ilipokuwa imekaa, pasipo na rangi. "Za mwanzo walitumia plaiwudi. Plaiwudi ukiangalia hapa unaona matabaka, kama kitunguu. Vitunguu ulivitaja wewe jana. Yako wapi matabaka? Hizi ni mbao nzima tatu, zimegandishwa ubavu kwa ubavu."

Shingoni mwake shangazi huwa anavaa uzi wenye kitufe cha plastiki, watu wanafikiri ni hirizi. Ni kitufe cha kuongezea sauti cha gitaa la Kimarekani. Akakivua, akachomoa kimoja cha hili gitaa, akakiweka kile cha shingoni mahali pake. Kikacheza kama kiatu cha baba kwenye mguu wa mtoto. "Marekani wanapima kwa inchi. Ujapani kwa milimita. Stika inadanganya, milimita haijui kudanganya." Akafungua bamba la mbele, akaonyesha waya zote zimechomelewa kiwandani, hazijaguswa. Akapima zile sumaku tatu zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, zile wanazoziita pikapu, mita yake ya umeme ikasoma karibu sawa zote. Alipofika kwenye waya alishusha sauti, kama anaongea na mtu anayemfahamu. "Aliyezungusha hizi alikuwa na mkono. Hajaruka hata mzunguko."

Mwisho akaiinamisha ile shingo juani, kichwa kikaelekea pembeni, na pale nilipokwangua, ndani ya vanishi kuukuu, kivuli cha herufi saba kikatokea. Hafifu. Lakini jina lipo. Vanishi ilikuwa imezeeka kulizunguka lile jina miaka arobaini na zaidi, wembe wangu haukufika chini kote.

Solo alikuwa ameshavua miwani kichwani. "Shangazi," akasema, eti sasa ni shangazi yake na yeye, "bei yake ni nini? Ya kweli?"

"Jana friji moja na nusu. Leo, kwa kazi ya huyu, friji moja."

"Nachukua. Friji kubwa, la milango miwili."

Wote tukamgeukia Mama Pacha. Yeye alikuwa anamwangalia Vioo.

"Baba," akamwambia Vioo, kwa upole kabisa, "jana ulisema mbele ya watu. Leo watu wapo. Sema."

"Niseme nini?"

"Kwamba mume wangu hakuuziwa ubao."

Vioo akaangalia saa yake, akaangalia barabara, akaangalia duka lake. "Mama, kopi ni kopi. Nati kabahatisha namba, basi." Akaondoka. Akavuka barabara bila hata kuangalia magari.

Solo akakohoa. "Mama, kwa hiyo friji...?"

"Siuzi."

"Mama Pacha!" fundi cherehani akaruka. "Friji la milango miwili!"

"Friji lina nini ndani? Baridi." Akapangusa lile gitaa kwa shuka. "Miaka yote alikuwa ananiambia ni zuri, nami namwita mjinga. Sitaliuza wiki hii hii niliyojua. Nati, lirudishe lilivyokuwa. Na hilo jina, unaweza kulirudisha?"

"Siwezi," shangazi akasema. "Nikilirudisha nitakuwa kama huyu. Kivuli kinatosha."

Sasa liko nyumbani kwake, ukutani, chini ya mabati aliyonunua mwenyewe miaka ile. Mapacha wanajifunza, wanapiga vibaya sana, mtaa mzima tunavumilia. Solo anapita kila Jumamosi kuuliza kama ameshabadili mawazo, anapewa kiti, analipiga kidogo, anaondoka. Na mimi kwenye kimashine changu cha stika nimebandika karatasi: majina ya magitaa sikati. Ulete hela, ulete machozi, sikati.

Na Vioo bado anasema. Jana tu kamwambia mtu, "yule mama wa makopo alibahatisha". Wiki iliyopita kanunua kwa bei ya viatu gitaa la kijana mmoja aliyefiwa na baba yake, bila kulifungua. Yaani alilifungua baadaye, nyuma, peke yake. Fundi cherehani alimwona anajumlisha kwa vidole.

Kwa hiyo nyie mnaosoma. Una gitaa kuukuu la baba, la mjomba, la mumeo, lina jina usilolijua? Usikwangue. Usipake rangi. Usitupe hata skrubu moja. Libebe mpaka kwa mwenye duka lolote, huyu wetu au wa kwenu, na akikwambia feki, mwambie afungue zile nne mbele yako, mchana, uone kwa macho yako. Akikataa, chukua gitaa lako uondoke.

Nendeni kesho. Mkiwa wengi ni vizuri zaidi.